Mtungi Uliosuguliwa

Siku ile tulikuwa watu watano. Mimi. Mume wangu. Shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu udogoni baada ya kufiwa na mama, naye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mzee mmoja tajiri, mwenye majumba kadhaa mjini, ambaye hatukuwa na udugu naye. Alisoma chuo kimoja na marehemu baba mkwe wangu, basi, hilo tu. Wa tano ni jirani yetu wa dirisha la mbele, mke wa fundi cherehani. Huyu hakuingia kwetu siku hiyo, lakini alikuwepo, maana uchochoro wetu ni mwembamba, tulikuwa tukipokezana mabakuli ya mchuzi dirisha kwa dirisha, na sakafu yake ya juu inatazamana na yetu.

Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na ya wakunga waliowazalisha. Siyaandiki. Wana wajukuu, na mji wetu mdogo, sitaki mtu asimamishwe njiani aulizwe habari za bibi yake.

Mimi mwenyewe nilikuwepo kwa masikio kuliko macho. Yule mzee alikuwa mwanamume wa kando na mimi mke kijana, kwa hiyo nilikaa nyuma ya mlango wa ngazi, pale ngazi inapotokea juu. Mlango ulikuwa na ufa. Ufa huo ulinionyesha nusu ya mtungi, mkono wa mume wangu, na kanzu ya mzee kuanzia magotini kwenda chini. Mengine nimeyasikia, na mengine jirani alinisimulia.

Nirudi nyuma kidogo, msije mkapotea.

Mimi nimezaliwa Bububu, karibu na chemchemi yanakotoka maji ya mjini. Kwetu maji yanatoka ardhini tayari yameshakuwa maji, huyafanyi kitu, unayateka tu. Na udongo ndio usiseme. Ukitupa kokwa la embe uani, baada ya mvua mbili unalo la kulipalilia. Nilipoolewa nikaletwa mjini, mtaa wa Kiponda, katika nyumba ya mawe ya ghorofa tatu. Nilizunguka nyumba ile juu mpaka chini siku za mwanzo, na niliyokuwa nikiyatafuta sikuyajua mwenyewe, mpaka siku moja nikafahamu kuwa natafuta udongo. Haukuwemo. Nyumba nzima haina udongo wa kujaza kiganja. Mawe, chokaa, boriti, na chini uani birika la maji ya mvua lililojengwa na mababu, lina mfuniko wa mbao.

Mume wangu alikuwa mtia makaa katika meli. Ndoa yetu ilikuwa hivyo: anakuja, tunazoeana, anaondoka. Kila akirudi naona haya upya kama siku ya kwanza. Shangazi yake alikuwa akiniita "bi harusi" hata baada ya miaka, na nadhani aliona kweli, maana kila safari nilikuwa bi harusi tena.

Akiondoka, nyumba inabaki na watu wawili. Shangazi ana nyiradi zake na usingizi wa mchana. Mimi nna ngazi. Napanda nikishuka. Nilikuwa nahesabu vidato halafu nasahau makusudi ili nipate kuhesabu tena.

Sasa, mume wangu hakusoma skuli, na alikuwa na macho. Katika safari zake alifika kisiwa kimoja cha mawe matupu, jiwe limesimama katikati ya bahari, na huko akaona askari wa wakati wa vita walivyoacha mabwawa ya kokoto, na watu wakaendelea kulima humo. Nyanya zimeota katika kokoto. Hakuna udongo, wanamimina maji yenye chakula cha mimea, yanapita, yanatoka, yanamiminwa tena. Na katika bandari nyengine, bara la mbali, mlinzi mmoja alimwonyesha madimbwi ya mchanga ambamo maji ya mji mzima yanapita yakiwa machafu na kutoka yakiwa masafi, bila dawa. Akaja na habari hizo nyumbani kama wengine wanavyokuja na kanga na manukato. Mimi kanga niliipata pia, nisimsingizie.

Safari moja alipokuwa likizo akapandisha juu madebe ya mafuta ya taa, akayapasua kwa urefu, akayapaka lami ndani, akayapanga kama mihori ya ng'ombe. Akajaza kokoto na makumbi ya nazi. Hiyo ndiyo ikawa bustani. Halafu akaja na mitungi mitatu mikubwa, akaipanga kwa ngazi, wa kwanza juu, wa pili katikati, wa tatu chini. Ule wa katikati ndio wenye habari yake. Ndani yake alitia kokoto chini, mchanga mnene, kisha mchanga mwembamba mweupe mpaka karibu na shingo, na bomba dogo limetokea chini likapinda likapanda juu, ili mtungi usije ukakauka hata ukisahauliwa. Maji ya birika yanatulia kwanza katika mtungi wa juu, kisha unayatia wa katikati polepole, yanapita mchangani, yanatiririka kwenye mtungi wa tatu kama uzi.

Maji ya birika letu mnayajua nyinyi mliokaa nyumba kama zile. Mvua ikikata miezi, yanageuka rangi, yananuka, na humo mna viluwiluwi. Maji ya kunywa tulikuwa tunaletewa na mchukuzi kutoka mfereji wa mtaani, na kiangazi mfereji unatoa machozi tu, watu wanagombana ndoo.

Nilimwuliza, "Mchanga ndio unaosafisha?"

"Mchanga kitanda tu," akasema. "Ngoja wiki kadhaa. Juu ya mchanga utaingia utando. Huo ndio unaosafisha. Una uhai."

"Uhai wa nini?"

"Wa wadudu wasioonekana. Wanakula uchafu."

"Kwa hiyo sisi tunakunywa wadudu."

"Sisi tunakunywa waliyoyabakisha."

Nilicheka mpaka Shangazi akaniita chini kujua kuna nini.

Utando uliingia kweli. Kwanza rangi ya chai nyepesi, kisha kijani kidogo, laini kama ngozi ya samaki uliyeshamparura. Na maji yaliyotoka chini yake hayakuwa na harufu wala rangi. Nilipoyaonja yalinikumbusha kwetu. Sikumwambia mtu, nikanywa tena.

Basi mume wangu akaenda kwa yule mzee mwenye majumba, barazani kwake, akamweleza. Mzee alikuwa na wapangaji wanaolalamika kila kiangazi kuhusu mabirika yake. Akasema, "Niache nione kama hicho chombo chako kitafika mwaka hakijaoza. Kikifika, ntakuja kuonja mwenyewe. Nikiridhika, utanijengea nyumba zangu zote, na utakuwa mtu wangu wa maji."

Usiku wa kuamkia kuondoka, mume wangu alinambia jambo ambalo sijalisahau. "Nitunzie utando huu mpaka nirudi. Ukiniwekea hai, sitapanda meli tena."

Hilo ndilo nililokuwa nikilitunza. Watu waliona mtungi.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri napanda na ndoo ya maji ya birika. Huwezi kumwaga tu, maji yakianguka kwa nguvu yanachimba mchanga na utando unachanika. Kwa hiyo nilielesha kifuu cha nazi juu ya maji, nikawa namimina ndani ya kifuu, yanajaa, yanafurika polepole pembeni. Hilo nililigundua mwenyewe. Kisha nakaa. Natazama uzi wa maji unavyoingia mtungi wa tatu. Kwa kukosa mtu nilikuwa naueleza utando habari: nani kaoa, nani kaachwa, bei ya sukari. Haukunijibu, na Shangazi naye hakuwa na maneno mengi, kwa hiyo haikuwa tofauti kubwa.

Bustani nayo ilitaka akili. Mara ya kwanza nilipopanda miche yote iliungua. Makumbi yale yalikuwa yamefukuliwa pwani, yale yanayoloweshwa ili kusokotwa kamba, yana chumvi ya bahari mpaka moyoni. Nikayafua makumbi kama nguo, nikayaacha yapigwe na mvua, nikapanda tena, yakakubali. Chakula chake kilikuwa maji ya kuoshea samaki. Shombo ndiyo iliyoinenepesha miche. Maji ya udhu pia nilikuwa nikiyapeleka huko, na hilo Shangazi alilipenda, maana hakuwahi kufurahi kuona maji ya udhu yakienda chooni. Yalipopita kwenye kokoto na mizizi yalitoka upande wa pili masafi ya kutosha kupigia deki. Nilipata mchicha, nikapata mrehani, nikapata nyanya.

Jirani wa dirisha la mbele alikuwa anasimama kwake anaanika nguo za wateja wa mumewe na kuniangalia.

"Bi harusi, umelima mawe leo?"

"Nimelima."

"Ukivuna kokoto uniletee. Nna mgeni, nataka kumkaangia."

"Lete bakuli."

Siku nyanya ya kwanza ilipoiva nilimpa. Akaila pale pale dirishani, akatafuna muda mrefu, kisha akasema, "Haina udongo lakini ina ladha ya samaki." Haikuwa kweli. Tulicheka. Siku kama hiyo ilikuwa ikinitosha wiki.

Kwetu Bububu nilikuwa nikienda na kurudi siku hiyo hiyo. Harusi za mbali sikwenda. Mama yangu alisema, "Mtungi umekuoa kuliko mume." Nikamwambia, "Mtungi haupandi meli."

Mwaka ukafika, na meli yake ikatia nanga, mwisho wa mwezi wa Shaabani, Ramadhani inabisha hodi. Alipoingia nyumbani hakukaa. Alimwamkia Shangazi, "Shikamoo," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu, umekonda," akapanda moja kwa moja juu na mimi nyuma yake. Akatia kidole majini, akagusa utando taratibu kama unavyomgusa mtoto aliyelala kujua kama ana homa. Akakitoa akakinusa.

"Uko hai," akasema.

"Nilikwambia nitautunza."

Akanitazama, na mara ile sikuona haya.

Mzee akapelekewa habari, akasema atakuja baada ya alasiri ya siku ya tatu. Meli ilikuwa iondoke mwisho wa wiki. Mume wangu alikwisha niambia kuwa mzee akikubali, atakwenda kwa wakala kuchukua haki yake na nguo zake, na meli itaondoka bila yeye. Nilianza kuwaza mambo madogo madogo. Nitapika futari ya watu watatu. Nani atakaa upande gani wa mkeka.

Sasa, asubuhi ya siku hiyo ya tatu kwetu kulikuwa na khitma ya bibi yangu mzaa mama. Haiwezekani kutokwenda. Nikamwagia mtungi alfajiri, nikaondoka na gari la shamba, nikasoma nilichojaliwa, nikala, nikarudi. Mume wangu naye alikuwa bandarini tangu asubuhi na kutoka huko angemfuata mzee kwake. Nyumbani alibaki Shangazi peke yake.

Niliposhika ngazi tu nikasikia ubani. Nikasema labda amefukiza chumba cha mgeni. Ngazi ya pili ubani unazidi. Ya tatu nikaanza kukimbia.

Shangazi alikuwa juu, amekaa kwenye kibao, mikono imemlegea, kanga yake imelowa mpaka kiunoni. Yule mama alikuwa hapandi ngazi ile. Magoti yake hayakuwa na raha na ngazi kwa miaka. Mtungi wa katikati uling'aa. Alikuwa ameumwaga wote, akausugua kwa jivu na kumbi ndani na nje, mchanga akauosha kwa maji ya moto, akauanika kwenye mkeka, mtungi akaufukiza kama tunavyofukiza mitungi yetu yote ya kunywea, halafu akarudisha kila kitu mahali pake, sawasawa kama kilivyokuwa. Juu akamimina maji ya mfereji aliyomtuma mchukuzi, akatia na asumini. Mchanga ulikuwa mweupe kama sukari. Mitungi mingine miwili vivyo hivyo.

Nilisimama. Akanitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake kabla.

"Kaa upumue," akasema. "Nishamaliza."

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimekusitiri, mwanangu." Akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili. "Nilipanda kuangalia pa kumkalisha mgeni, nikaona ule ute. Ute wa mwaka. Najua upweke unavyolegeza mikono, na mimi nilikuwa mke wa mtu. Lakini mume wako analeta mgeni. Mgeni akiona ule uchafu atasema nini juu yako? Atasema kaoa mtu wa shamba hajui kuosha mtungi. Nikasema hapana, si katika nyumba yangu."

"Lakini mwanao mwenyewe alikwambia usiguse."

"Alisema. Wanaume wanawaficha wake zao, na ndio vizuri. Nikajua anakufichia uvivu."

Mtu mzima yule, magoti yale, ndoo za maji ya moto ngazi tatu. Kwa ajili yangu. Nilimshika mkono nikamteremsha chini abadili kanga. Na tulipofika chini mlango ukabishwa hodi, na nikasikia sauti ya mume wangu anamkaribisha mzee, "Karibu, karibu, tahadhari hicho kidato."

Sikupata nafasi ya kumwambia neno. Nilipanda mbele yao nikajificha nyuma ya mlango, Shangazi akabaki kwenye kiti chini kabisa, yasikofika maneno ya juu, yeye mtu mzima hana haja ya kujificha.

Wakatokea juu. Jirani alikuwa kwake anakunja nguo ambazo hazikuwa na haja ya kukunjwa. Mume wangu alianza kueleza: huu wa kwanza, huu wa pili. Akafika wa pili akanyamaza.

Kupitia ufa niliona mkono wake umesimama juu ya mdomo wa mtungi, hauingii wala hautoki.

Mzee hakungoja. Alichukua kata, akateka mtungi wa tatu, akanywa. Akateka tena.

"Matamu haya," akasema. "Na harufu nzuri. Watu waliniambia kuwa umeweka ute ndani ya mtungi. Nikasema yule ni mtoto wa watu, hawezi. Naona hakuna ute hapa. Mtungi mweupe, unanukia. Hivi hivi ndivyo nnavyotaka. Unijengee kama huu, na niwaambie wapangaji wausugue kila Ijumaa. Utaanza lini?"

Hapo nilishika mlango kwa mikono yote miwili. Ilikuwa neno moja tu. Angesema "kesho" na meli ingeondoka.

Mume wangu akasema, "Mzee wangu, maji uliyokunywa ni ya mfereji."

"Ya mfereji?"

"Ya mfereji, na asumini. Chombo changu leo hakifanyi kazi."

"Kimeharibika?"

"Nimekisafisha mwenyewe, kwa kutaka kukupendezea. Sikufikiri vizuri."

Mzee akacheka, na si kicheko kibaya. "Kijana. Chombo cha kusafisha maji kinaharibika kwa kusafishwa?"

"Ndiyo. Bila ute hakuna kitu. Ukiusugua kila Ijumaa, wapangaji wako watakunywa maji ya birika yaliyopita mchangani tu. Watoto wataumwa."

"Kwa hiyo niwaambie watu wanywe maji ya ute."

"Yaliyopita chini ya ute."

"Watu wa mji huu wanafukiza mitungi yao tangu enzi na enzi, na wewe unataka waiache iote ngozi. Nani atakubali? Mke wangu atakubali?" Akaweka kata chini. "Mimi nimeonja maji ya mfereji, na maji ya mfereji nayajua. Chombo kikipona niite nionje cha kweli. Inachukua muda gani?"

"Wiki kadhaa."

"Na wewe unaondoka lini?"

Mkono wa mume wangu ukashuka kutoka mdomo wa mtungi. Mzee naye akafahamu. Akageukia madebe ya kokoto, akachuma nyanya moja, akaigeuza. "Na hizi zinakula nini?"

Jirani akajibia kwake, bila kuulizwa, "Shombo, babu. Zinakula shombo."

Mzee akacheka tena, akaitia nyanya mfukoni, akashuka. Chini Shangazi alimkalisha akampa halua na kahawa, na nikasikia akimwambia, "Maji umeyaonaje, kaka yangu?" na yeye, Mungu amrehemu, akajibu, "Sijanywa maji mazuri kama yale."

Baada ya kuondoka mume wangu alirudi juu. Akaniuliza neno moja, "Nani?"

"Shangazi. Alidhani ni uvivu wangu. Kanisitiri."

Alikaa kwenye kile kibao alichokalia shangazi yake kabla ya mgeni kufika, bado kilikuwa na maji. Kisha akasema, "Basi na sisi tumsitiri."

Tukamsitiri. Hatukumwambia kitu, siku ile wala baadaye. Mwisho wa wiki meli iliondoka naye akiwemo. Nilimfungia nyanya na mrehani katika kitambaa.

Ramadhani ile nilimwaga maji kila alfajiri kwa kifuu changu kama kawaida. Mchanga ulikaa mweupe, mweupe, mpaka nikaona haurudi tena. Halafu asubuhi moja karibu na Idi nikaona kivuli cha chai nyepesi juu yake. Niliinama nikatazama kwa karibu. Kisha nikatazama huku na huku nimtafute wa kumwambia. Jirani alikuwa bado amelala.

Mzee nilimpelekea salamu kupitia mume wa jirani, fundi cherehani aliyekuwa akimshonea kanzu, kwamba chombo kimepona. Akajibu kwa adabu: atakuja mwenye chombo akirudi, hawezi kuingia nyumba ya wanawake watupu kuonja maji. Alikuwa na haki. Mume wangu alikaa safari hiyo zaidi ya mwaka, na aliporudi mzee alikuwa ameshavuta mfereji mpaka ndani ya nyumba zake zote, hana tena haja ya birika wala ya mtungi. Mume wangu alisikia habari hiyo barazani, akaja akanieleza huku anavua viatu, kama anayeeleza habari za mtu mwengine. Baada ya hapo hakusema tena maneno ya kuacha meli, na mimi sikumwuliza. Aliendelea kuja na kuondoka mpaka nguvu zilipomwishia.

Utando niliutunza. Mtaniuliza kwa nini. Ulikuwa hai, na nilikuwa na mazoea nao. Shangazi alipoona ute umerudi alitikisa kichwa, na kila mwisho wa Shaabani, mitungi inaposuguliwa kwa ajili ya Ramadhani, nilikuwa nabuni kazi ya kumweka chini, nikimpa mchele achague, kunde amenye, mpaka mwezi uandame. Wageni wakija alikuwa akiwahadithia siku tajiri alipokuja kwetu akanywa maji yake kata mbili akasema hajanywa maji kama yale. Akifika hapo ananigeukia. "Si kweli, bi harusi?"

"Kweli, Shangazi."

Alifariki na hadithi hiyo ikiwa nzima.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kata mbili, au tatu, sina hakika. Mara nyengine nasikia ya tatu ikigonga mdomo wa mtungi. Asumini huenda ilikuwa kilua. Na yale maneno ya mume wangu, "nimekisafisha mwenyewe," nayasikia waziwazi, ila nilikuwa nyuma ya mlango. Wote wanne wametangulia. Lakini jirani wa dirisha la mbele alikuwa na watoto, na alikuwa msemaji, huenda aliwasimulia. Kama uko unayesoma haya na mama yako alikuwa mke wa fundi cherehani wa Kiponda, au babu yako aliwahi kurudi nyumbani na nyanya mfukoni, na umesikia vyengine, njoo unambie nimekosea wapi. Nikatize tu. Sina tena mtu wa kunikatiza.